Nusu Kata ya Mbege

Kilema, masika ya 1999

Jumatatu, 8 Machi

Leo nimeanza kozi ya uwakala wa bima, mjini Moshi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la mbolea. Ghala limehama, harufu imebaki. Tulio darasani wengi tumetolewa makazini bila kuulizwa: walimu wawili, karani wa reli, na mimi niliyechambua buni kiwandani mpaka siku tulipokusanywa uani tukaambiwa biashara sasa ni huria, kwa hiyo na sisi twende. Vijana ni wachache. Aliyekaa nami anaitwa Pamela, binti wa Kiboriloni, ana kalamu za rangi nne na anaandika kwa zote.

Mwalimu ndiye meneja wa tawi la kampuni yenyewe, Bwana Elisaria, kijana wa Old Moshi aliyekwenda kusoma Dar akarudi na tai. Amesema mengi, lakini lililopigiwa mstari ubaoni ni moja: asiye na leseni hamkatii mtu bima. Akimkatia, hata kwa mdomo, jina lake linapelekwa kwa Kamishna wa Bima na leseni hataiona mpaka kiyama. Aliposema kiyama alinitazama mimi. Nadhani ni kwa sababu nilivaa rozari.

Alhamisi, 11 Machi

Tumefundishwa kwamba msingi wa bima ni nia njema kabisa. Mwenye kukata na mwenye kukatiwa wanaambiana ukweli wote, hakuna kufichana. Karani wa reli aliuliza kama kuna nchi ambako jambo hilo limewahi kuonekana.

Jumapili, 14 Machi

Jua kali, wanasema mvua iko njiani. Basili yupo nyumbani. Mume wangu huyu ni mpishi wa watalii mlimani, na masika watalii hawapandi, kwa hiyo tunaye. Kule juu, kwenye baridi ya kugandisha maji, anaoka keki. Hapa chini hajui chumvi inakaa wapi.

Tumebishana tena kuhusu Sista. Sista ni mtamba wangu, nilimnunua kwa masista kwa kiinua mgongo changu, ana mimba ya kwanza na atazaa masika yakiisha. Basili anasema majani ya kukata hatuna, nimweke kwa mtu amfuge kama wanavyofanya watu wote: mfugaji anachukua maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anachukua ndama. Kweli, nusu ya ng'ombe wa hapa wanalala kwa watu wasio wenyewe. Lakini miaka yangu yote ya kiwandani imesimama pale bandani kwa miguu minne. Nataka kuisikia ikicheua kila asubuhi.

Jumamosi, 20 Machi

Bwana Elisaria ametuagiza tukafanye mazoezi ya kuongea na wateja kwa majirani. Maneno tu, alisema, msipokee kitu, msikubaliane na mtu.

Nimepanda kwa Mzee Wenseslaus, jirani yetu wa juu. Vihamba vyetu, hizi bustani za migomba tunamoishi, vinatenganishwa na mstari tu wa masale, mmea wetu wa mpaka na wa amani. Nilimchagua kwa sababu ndiye mtu mgumu kuliko wote kumwamsha, hata mahubiri humlaza. Nikimweza yeye, nimewaweza wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Fredy. Umekuja na mkoba. Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Nafanya mazoezi ya bima. Naomba unisikilize tu."

"Mhubiri mwingine. Kaa."

Akafumba macho. Nikaanza na moto, nikaja upepo, nikaingia kifo. Kwenye kifo mkewe, Bibi Priska, aliweka chini kikombe chake cha maziwa. Tumbo la bibi huyu lina vidonda, halipokei ila maziwa na mtori wa ndizi. Akasema kwa upole kwamba mambo hayo hayatajwi kwenye nyumba ya watu wazima, mtu anaweza kuyaita. Nikakimbilia mifugo. Mzee akafumbua jicho moja.

"Ng'ombe naye ana bima?"

"Anayo, baba."

"Akifa?"

"Kampuni inalipa."

"Mtu anakwenda kudai na nini?"

"Na uthibitisho kwamba amekufa."

"Anakwenda kwa nani? Mimi mjini sijui mtu."

"Kwa wakala wake. Tuseme, kwangu."

Akafikiri. Kisha akamwita mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikatazama kalenda ya parokia ukutani, bado ni Kwaresima. "Mbege ni chakula," akasema kabla sijafungua mdomo. Akanywa nusu ya kata, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa. Nikamaliza, maana kubakiza ni ufidhuli. Mzee Kornel, aliyekuja kuazima panga, alikuwa amesimama mlangoni akitutazama.

Nimeshuka na furaha. Mwanamke, nimenyweshwa kwenye kata ya mzee mwenyewe, tena mbele ya mtu. Basili hajawahi kupewa heshima hiyo. Nimemwambia mara mbili.

Jumanne, 23 Machi

Mvua.

Jumatano, 24 Machi

Mvua. Sista amekohoa. Basili amemtengenezea tangawizi, mimi amenisahau.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Mvua. Padri amehubiri kaburi tupu. Nimerudi nikakuta chungu kitupu, Basili alikuwa amekaribisha wapagazi wa mlimani.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Kozi inaendelea. Pamela ameniuliza huko kwetu watu wanakata bima au wanasali tu. Nimemwambia wanasali, halafu wanapanda masale. Njia imekuwa mto, nimefika nyumbani na kiatu kimoja.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimetoka kuoga na tope bado linatoka masikioni.

Mfongo wa juu umepasuka kulipokucha. Mfereji ule umemwagilia migomba yetu tangu enzi za babu zetu, na leo umeamua kubeba badala ya kumwagilia. Maji yaliteremka na udongo kupita katikati ya kihamba cha Mzee Wenseslaus. Nyumba imepona, jiko la Bibi Priska limepona. Banda limeondoka na ng'ombe wao wa pekee ndani yake.

Kijiji kizima kilitoka na majembe. Tulimkuta kwenye mstari wetu wa masale, amelala ubavu chini ya migomba mitatu, macho wazi. Wanawake waliimba kidogo, wakaacha. Bibi Priska alisimama pembeni ameshika kikombe kitupu, nafikiri alikuwa ametoka kwenda kukamua.

Nimemwona Mzee. Hakulia. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi ng'ambo ya tope, akatikisa kichwa polepole kuafiki, ametulia kama mtu aliyesimama stendi akaona basi lake linaingia. Nilidhani ni mshtuko. Nilimhurumia.

Jumapili, 18 Aprili



Baada ya misa wamekuja watatu: Mzee Wenseslaus, Mzee Kornel na katekista mstaafu ambaye huenda popote penye ushahidi. Mzee amevaa koti la harusi ya mwanawe. Nikadhani ni wageni wa kawaida, nikaweka chai. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka mezani kati ya sukari na mkate, akakifungua. Ndani kuna sikio la ng'ombe na ncha ya mkia.

"Uthibitisho," akasema.

Basili alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Kikarudi mezani chenyewe.

"Uthibitisho wa nini, baba?"

"Mama Fredy, si ulisema mtu aje na uthibitisho kwamba amekufa? Sikujua mnataka kipande gani, nimeleta viwili."

"Baba, yale yalikuwa mazoezi. Nilikuambia ni mazoezi."

Akamgeukia Kornel bila haraka. Kornel akakohoa. "Mimi nilikuwepo. Maneno yalianza kama mazoezi, sikatai. Lakini mzee alikunywa nusu, na wewe ukamaliza nusu. Hukubakiza."

"Ilikuwa mbege tu."

"Hata nilipomwoza binti yangu ilikuwa mbege tu."

Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka mpaka kwenye kiatu. Nimezaliwa kwenye mteremko huu. Nimeona mpaka wa shamba ukifungwa hivyo, nimeona ng'ombe wakiwekwa kwa mfugaji hivyo, na mimi mwenyewe niliolewa hivyo, marehemu baba akimaliza nusu ya baba mkwe. Anayetoa neno anakunywa nusu, anayekubali anamaliza, shahidi anaona, basi. Nilijua ya mipaka, ya ng'ombe na ya wake. Ya bima haikunijia akilini hata dakika moja, na kitabu cha kozi kimenyamaza.

Hawakunigombeza. Wangenigombeza ingekuwa nafuu. Mzee alisema anajua kampuni ina taratibu zake, na kwamba atasubiri, ila Bibi Priska tumbo lake halijui taratibu. Wakamaliza chai wakaondoka. Sikio limebaki mezani.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua. Nimelizika sikio nyuma ya nyumba.

Jumanne, 20 Aprili

Darasani nimemuuliza Bwana Elisaria: je, kama mtu, mtu tu, amekubaliana na jirani bila kujua kwamba amekubaliana?

"Kwa mdomo?" akauliza.

"Hata mdomo hakuutumia sana."

"Amemkatia mtu bima bila leseni. Jina linakwenda Dar."

Pamela akaninong'oneza, "Da Mek, mbona umepauka hivyo, uko fiti?" Nikamwambia ni harufu ya mbolea.

Nimefikiri njia nzima. Nikimwambia Mzee aende ofisini, leseni imekufa. Nikimwambia hakuna kitu, leseni nitaipata, nitaitundika ukutani na haitafaa kwa lolote, kwa sababu kuanzia hapa mpaka msituni hakuna atakayeamini mdomo uliomaliza kata ukakana. Na kila asubuhi nitamwona Bibi Priska akipita kuomba kikombe cha maziwa kwa watu, yeye ambaye watu walikuwa wakiomba kwake.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimemwambia Basili nimeamua kumlipa. Akauliza kwa nini. Nikaelekeza kidole bandani.

Akachukua ndizi ya mtori akaimenya yote, na hajawahi kumenya ndizi akiwa likizo.

"Mwambie hukuwa na leseni."

"Nilikuwa na mdomo."

"Mektrida, yule wake alikuwa kikongwe wa kwato. Huyu ni mtamba, ana mimba."

"Najua."

"Kampuni ambayo hujaajiriwa inalipa ng'ombe ambaye haikumkatia bima, kwa mali ya mke wangu." Aliyasema taratibu, kama anayesoma maelezo ya dawa ya Kijerumani aliyoachiwa na mtalii. "Kule mlimani nimeona watu wakipandisha kichaa kwa kukosa hewa. Hapa hewa ipo."

Halafu akaenda kumkatia Sista majani, akampa mengi kuliko siku zote.

Jumamosi, 24 Aprili

Nimempandisha Sista kwa Mzee. Mvua ilikuwa imekatika, ndiyo maana kila mtu alikuwa nje akianika kitu. Sista aliteleza mara mbili, mimi zaidi. Nilijibu shikamoo na habari nyingi mno kwa njia fupi kama ile.

Mzee alikuwa ameshajenga banda upya, na hori lina majani. Hakuwa na shaka hata chembe, na hilo limeniumiza kuliko kumwachia kamba. Akampapasa kiwele, akamtazama meno.

"Wangu alikuwa mzee. Kampuni yako imezidisha."

"Ni mpya, baba. Bado haijajifunza kupunja."

"Ana mimba. Basi Bibi atavumilia mpaka azae."

Nikamvuta pembeni nikamwambia ukweli: kampuni haijui, leseni yangu haijatoka, na habari ikifika mjini haitatoka kamwe. Alinisikiliza macho wazi yote mawili. Sikujua kama nimesikitisha au nimechekesha.

"Kwa hiyo huyu ni wako."

"Alikuwa wangu, baba. Sasa ni wako."

"Mimi sisemi kitu," akasema. Lakini Sista alikuwa amekwisha kusema njia nzima.

Jumapili, 2 Mei

Mvua. Watu wanne wamenisimamisha kanisani kuuliza bima. Mmoja amenisimamisha wakati wa komunyo.

Jumanne, 4 Mei

Wamekuja nyumbani. Mama wa nyumba ya chini kaja na kibuyu, kamimina, kanywa nusu, kaninyoshea kata huku akiniangalia machoni. Nikarudi nyuma kama niliyeonyeshwa nyoka. Nikasema tumbo. Jioni akaja mwingine, na kata. Tumbo. Wa tatu aliuliza kama mume anakatiwa bima. Nikasema ipo. Akauliza, "Hata huyu wa sasa, au nisubiri mwingine?"

Sasa kijiji kinasema nina vidonda vya tumbo kama Bibi Priska. Wameniletea mtori.

Ijumaa, 7 Mei

Mtihani. Swali la kwanza: eleza maana ya nia njema kabisa, kwa mfano. Nimelitazama mpaka karani wa reli akageuza ukurasa. Mfano niliokuwa nao haufai kuandikwa. Nimeandika wa meli.

Jumamosi, 15 Mei

Mvua. Tumefaulu wote isipokuwa mwalimu mmoja, ambaye amekata rufaa. Barua za maombi ya leseni zinaondoka wiki ijayo na sahihi ya meneja. Nimenunua nyama.

Jumatatu, 17 Mei

Nyama ingesubiri.

Tulikuwa tumeitwa kuelekezwa kuhusu maombi. Bwana Elisaria kachelewa, kaingia, na Pamela alikuwa katikati ya kisa. "Wallahi, nimesikia sokoni Kiboriloni kwa mama mmoja muuza mitumba. Huko Kilema kuna bima inalipa ng'ombe kwa ng'ombe, wiki tu, fasta kuliko kampuni yoyote. Eti wakala ni mwanamke, anapandisha fidia mwenyewe kwa kamba." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, tena kwa sauti.

Bwana Elisaria hakucheka. "Kilema ipi?" akauliza. Halafu hakungoja jibu, kwa sababu darasani anayetoka Kilema ni mmoja.

Akaniita ofisini. "Mama Mektrida, anayewakatia watu bima bila leseni sheria inamjua. Anayelipa fidia bila kampuni, hata sheria haijawahi kumfikiria." Akaweka barua yangu ya maombi kando ya nyingine. "Alhamisi nitakuja mwenyewe kumwona huyo mzee. Akisema alikatiwa bima, nitaandika barua nyingine."

Nimetoka nikapita mnara wa saa bila kujua ninakwenda wapi. Pamela akanikimbilia akilia, anasema hakujua. Nimemwamini. Ndicho kinachonishangaza katika jambo hili lote, kila mtu ana nia njema.

Jumatano, 19 Mei

Mvua. Basili ananiambia nipande kwa Mzee nimpange maneno. Nimefika kwenye masale nikasimama. Nimpange aseme nini? Aliniamini kwa kata moja, nami nimfundishe uongo kwa ajili ya leseni ya nia njema? Nimerudi. Rozari imekatika uzi mkononi.

Alhamisi, 20 Mei

Niandike kama ilivyokuwa, maana kesho nitadhani nimeota.

Gari la kampuni limenasa kule chini penye daraja. Bwana Elisaria kapanda kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, tai mahali pake. Nikaongozana naye. Uani kwa Mzee tulimkuta na Kornel wakichonga mpini wa jembe. Sista bandani akageuka akanitazama kama shahidi wa upande wa mashtaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Old Moshi, mzee."

"Watu wa Old Moshi nawajua, hawapandi huku bila sababu. Kaa, ukaushe miguu."

Hakukaa. "Mzee, nina swali moja. Ng'ombe yule ni wa nani?"

Manyunyu yalikuwa yakigonga majani ya migomba. Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimekwisha kumsikia akijibu, tangu Jumatatu nimemsikia kila saa: ni wangu, nimelipwa na bima. Na angekuwa na haki.

"Wa mama Fredy," akasema Mzee.

Nikainua kichwa.

"Wa mama Fredy? Anafanya nini kwako?"

"Anakula. Analala. Wewe hukukulia huku? Mtu mwenye ng'ombe asiye na majani anamweka kwa mwenye majani. Maziwa yangu, samadi yangu, ndama wake. Wangu alichukuliwa na maji. Nimejenga banda, nifuge kuku humo?"

"Watu wanasema ni fidia ya bima."

"Watu wanasema nina miaka mia moja."

Bwana Elisaria akamgeukia Kornel. "Na wewe, mzee wangu?"

Kornel aliona kata ile ya Machi. Kornel alileta sikio nyumbani kwangu. Aliutazama mpini, akaupuliza vumbi, akasema, "Mwenye banda ameshasema."

Bibi Priska akatoka na mbege bila kuitwa. Mzee akachota, akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kiganja, akamnyoshea meneja. Kijana yule alizaliwa Old Moshi. Aliitazama kata muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kinywaji.

"Mzee, mimi niko kazini."

"Na mimi niko nyumbani."

Akaipokea. Akanywa mpaka chini, akageuza kata kuonyesha, kama walivyomlea. Tai ililowa.

Tuliposhuka, kwenye masale akasimama. "Mama Mektrida, unajua nimekunywa nini pale?"

"Mbege, bwana meneja."

"Ndiyo," akasema. "Mbege." Akaendelea kushuka, viatu mkononi.

Nami nimebaki nimesimama pale mpaka Basili akaja kunitafuta. Kilichosemwa na kunywewa mbele ya shahidi hakirudi. Mzee Wenseslaus, niliyemchagua kwa sababu ya usingizi wake, amesimama uani kwake na kunirudishia ng'ombe wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Ijumaa, 21 Mei

Sikuweza kula.

Jumapili, 23 Mei

Nimepanda kumuuliza. Alikuwa amelala. Bibi Priska anasema alikuwa macho mpaka nilipopiga hodi.

Jumanne, 1 Juni

Mvua ndogo. Baridi imeingia. Basili ameanza kupaka viatu vyake vya mlimani mafuta.

Ijumaa, 11 Juni

Leseni imetoka. Karatasi ngumu, muhuri wa Dar, jina langu limeandikwa sawasawa, jambo ambalo sikulitarajia. Pamela naye amepata, amenikumbatia mpaka kalamu zimedondoka. Bwana Elisaria alinikabidhi yangu mwisho.

"Ushauri mmoja," akasema. "Ugenini usinywe kitu kabla mteja hajasaini."

Jumamosi, 12 Juni

Mawingu yamefunguka, kilele cha Kibo kimekaa wazi, cheupe mpaka kinaumiza macho. Nimepanda na leseni kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga maneno: nitamwambia mbele ya Kornel kwamba Sista ni wake, tufunge upya, yaishe.

Nimekuta amezaa. Ndama jike, bado ana tope la kuzaliwa masikioni, anajaribu miguu yake mmoja mmoja. Bibi Priska ameketi karibu ya banda, na kikombe chake hakikuwa kitupu.

"Ndama wako huyo," Mzee akasema. "Akiacha kunyonya utamchukua."

"Baba, mimi nilikupa ng'ombe."

"Ulinipa. Halafu mimi nikasema mbele ya watu kwamba ni wako. Sasa unataka niwe nimemdanganya mtoto wa watu wa Old Moshi, na kata akanywa?"

Maneno yangu yote yaliyopangwa yakaisha. Nikatafuta mengine, nikakuta ya kozi tu. Nikafungua mkoba nikamwonyesha muhuri. "Basi nikukatie bima ya kweli, baba. Sasa ninaruhusiwa."

Aliigeuza karatasi, akaangalia nyuma kama kuna kitu, akanirudishia. "Kauze kwa watu wa mjini. Hao hawana majirani."

Akachota mbege. Akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kiganja, akaninyoshea. Safari hii niliuliza kwanza.

"Hii ni ya nini, baba?"

"Ya ng'ombe wako. Akifia kwangu, nitakulipa mimi. Na sikio nitaleta mwenyewe."

Nikamwambia hana leseni. Alikuwa ameshafumba macho. Nikageuka kutazama kama Kornel yupo. Yupo mlangoni, amekuja kurudisha panga.

Nikanywa. Sikubakiza.